Bado Sijastaafu

Miaka ya mwisho kazini nayo ni miaka ya kazi. Anayemtoa mtu kabla ya tarehe yake, hata kwa upole, anamnyang'anya haki.

Orodha ilibandikwa Jumanne asubuhi kwenye ubao wa matangazo, pembeni ya mlango wa masijala. Ilikuwa na majina tisa ya watumishi wa kitengo cha uhasibu waliochaguliwa kwenda Morogoro kwa siku tano kujifunza maboresho ya mfumo wa malipo. Kitengo chetu kina watu kumi. Niliisoma kutoka juu kwenda chini, kisha nikairudia kutoka chini kwenda juu, kama ninavyokagua vocha isiyooana na leja. Jina langu halikuwamo.

Nilikwenda kwa mkuu wa kitengo, kijana wa miaka 36 ambaye nampenda na kumheshimu. Aliponiona alisimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeona orodha ya Morogoro."

Akanivutia kiti. "Mama, mimi nimekuonea huruma. Safari, siku tano, kutwa nzima darasani. Na wewe si umebakiza muda mfupi tu? Waache vijana wakahangaike, wewe pumzika."

Aliyasema hayo kwa upole wa mtoto anayempokea mama yake mzigo. Hapakuwa na dharau hata chembe, na ndiyo maana nilikosa la kujibu. Nikamshukuru, nikarudi mezani kwangu. Kwa siku tano nilibaki peke yangu nikishikilia kazi za kitengo kizima, na hakuna aliyeuliza kama hilo lingenichosha.

Waliporudi, mfumo ulikuwa umebadilika. Nywila yangu haikufungua tena ukurasa wa kuidhinisha malipo, kwa kuwa ruhusa ilitolewa kwa waliohudhuria mafunzo. Vocha zangu zikaanza kupita mikononi mwa binti aliyeajiriwa mwaka jana. Haikupita wiki ya pili, mimi mhasibu mwandamizi mwenye miaka 31 kazini nikawa mtu wa kuomba: "Mwanangu, niingizie na hii." Hakuna aliyenishusha cheo. Sikupewa barua, na mshahara uliendelea kuingia. Lakini kazi yangu ilikuwa imeondoka, nami nimebaki na kiti.

Nina miaka 57. Mtumishi wa umma wa Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akifika 55, na kwa lazima akifika 60. Mimi sijaomba hiari, na lazima haijanifikia. Kati ya leo na siku ile ipo miaka mitatu, na katika miaka hiyo mimi ni mfanyakazi sawa na kijana aliyeripoti juzi na bahasha yake ya vyeti. Ninaandika makala hii kwa sababu nimegundua kwamba wengi wetu tunastaafishwa kimyakimya kabla ya tarehe zetu, na wanaotustaafisha hawajui kwamba wanafanya hivyo.

Ubaguzi uliovaa heshima

Ubaguzi wa kabila au wa dini tunautambua haraka, kwa kuwa huja na maneno makali. Ubaguzi wa umri kwetu huja umevaa heshima. Tumelelewa kumwamkia mkubwa, kumpisha kiti, kumpokea mzigo. Ni malezi mema na siyaombei yafe. Lakini malezi hayo yakiingia ofisini bila kutafakariwa, mtu hupokewa hata mzigo alioajiriwa kuubeba.

Sikiliza maneno ya ubaguzi huo. "Mzee wetu asisumbuliwe." "Mama, hii ya kompyuta tuachie sisi." "Yule anasubiri mafao tu." Katika mpango kazi wa mwaka, mkongwe huandikiwa kazi nyepesi, kisha inapofika tathmini anaonekana hana alichotimiza. Kwenye kikao wazo lake hupokewa kwa "ahsante mzee" na mjadala ukasonga. Dakika kumi baadaye wazo lilelile likatoka kwa kijana na likaandikwa kwenye kumbukumbu. Mimi kwa miaka miwili mfululizo nimekuwa mwenyekiti wa kamati ya rambirambi. Palipo na msiba ninakumbukwa kuwa nina hekima, palipo na mafunzo ninakumbukwa kuwa nina umri.

Wala si kwetu tu. Machi 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti yake kuhusu ubaguzi wa umri, likakadiria kwamba duniani mtu mmoja kati ya wawili ana mitazamo ya kibaguzi dhidi ya wazee. Marekani ilitunga sheria ya kuwalinda wafanyakazi wenye miaka 40 hadi 65 mwaka 1967, na miaka miwili baadaye daktari Robert Butler akaupa ubaguzi huo jina lake la Kiingereza. Huko ulihitaji jina ili uonekane. Kwetu jina tunalo, ila tunasita kulitumia, kwa kuwa anayetubagua ametuamkia kwanza.

Na madhara hayaishii kwenye hisia. Anayeambiwa kila siku kwamba hawezi huanza kuamini. Nimejishuhudia mwenyewe: wiki ya tatu baada ya Morogoro nilifungua mfumo, nikauogopa, nikaufunga. Nilianzia kwenye leja za karatasi mwaka 1994, nikahamia mfumo wa kompyuta wa EPICOR, nikahamia wa MUSE, na kila mara nilijifunza kwa kukosea na kurudia. Uwezo wa kujifunza ulikuwa haujaniondoka. Ujasiri wa kukosea mbele ya watu ndio nilioanza kuupoteza.

Nje ya serikali hakuna pazia

Katika sekta binafsi mambo husemwa waziwazi zaidi. Rafiki yangu niliyesoma naye sekondari alikuwa mapokezi katika hoteli moja kwa miaka 19. Alipofikisha 51 alihamishiwa stoo ya mashuka. Hakuambiwa kosa lake. Msimamizi alimwambia tu kwamba wageni wanapenda kupokewa na sura changa. Mashuka hayana bahashishi, hayana mgeni wa kuzungumza naye Kifaransa alichojifunza kwa fedha zake mwenyewe, na hayana ngazi ya kupandia.

Jirani yangu alikuwa msimamizi wa zamu kiwandani. Kiwanda kilipotangaza kupunguza watu, aligundua kwamba karibu wote walioitwa ofisini kutoka idara yake walikuwa wamevuka 50. Walipewa karatasi ya kusaini siku ileile. Ilisema kwamba mfanyakazi ameamua kuondoka kwa hiari yake. Alisaini, kwa sababu aliyempa kalamu alimwambia, "Mzee, chukua hiki, kesho huenda kisiwepo." Alikuwa na miaka 53, ana mtoto chuo kikuu, na nyumba imefika kwenye lenta.

Kisha yapo matangazo ya kazi. Hapa inafaa tutenganishe mambo mawili. Ajira nyingi za kudumu serikalini hutangazwa kwa watu wasiozidi miaka 45, na hesabu yake inaeleweka: kutoka 45 hadi 60 ni miaka 15, yaani miezi 180 ya kuchangia ambayo mtu huhitaji ili apate pensheni ya uzee. Unaweza kubishana na sharti hilo, lakini lina sababu inayoelezeka. Tangazo la kampuni linalotaka mhasibu "mwenye miaka 22 hadi 30" halina sababu ya namna hiyo. Salio la benki halijui umri wa aliyelisuluhisha.

Hasara inayohesabika

Watu wakisikia malalamiko kama yangu hudhani ninazungumzia kuumia moyo. Mimi ni mhasibu, niruhusiwe kuzungumzia fedha.

Kwa miaka kadhaa sasa wafanyakazi wa Tanzania tumebishania kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa pensheni. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya PPF, PSPF, LAPF na GEPF iliunganishwa kuwa mfuko mmoja wa PSSSF, na kanuni mpya zikaweka malipo ya mkupuo kuwa asilimia 25. Desemba mwaka huohuo Rais John Magufuli akazisitisha baada ya wafanyakazi kulalamika. Julai 2022 ikaja asilimia 33. Bajeti ya 2024/25 ikapandisha kiwango hadi asilimia 40 kwa wale ambao zamani walikuwa wakipata 50, na 35 kwa waliokuwa wakipata 25. Tumeng'ang'ania asilimia, na tulikuwa na haki. Lakini tumesahau sehemu nyingine ya hesabu ileile, nayo ni mshahara unaoingizwa humo.

Kanuni huchukua wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu iliyo bora ndani ya 10 ya mwisho, ikauzidisha kwa miezi uliyochangia, ikagawanya kwa 580. Jibu ndilo pensheni yako kamili ya mwaka. Kwa aliye kwenye kundi la asilimia 40, sehemu hiyo huzidishwa kwa 12.5 kuwa mkupuo, na asilimia 60 inayobaki hulipwa kidogokidogo kila mwezi maisha yake yote.

Chukua mtu aliyechangia miaka 30, yaani miezi 360, mwenye wastani wa mshahara wa shilingi 1,500,000 kwa mwezi. Mkupuo wake ni takriban shilingi milioni 55.9, na pensheni yake ya mwezi ni kama 558,600. Sasa mpe mtu huyohuyo daraja alilostahili akiwa na miaka 56, daraja lililomfikisha kwenye wastani wa 1,800,000. Mkupuo unakuwa takriban milioni 67, na pensheni kama 670,300. Tofauti ni zaidi ya milioni 11 mkononi, na zaidi ya shilingi 111,000 kila mwezi hadi anaingia kaburini.

Kwa hiyo bosi anaposema, "Huyu anakaribia kuondoka, daraja tumpe kijana," uamuzi wake hauishi siku ya kustaafu. Unamfuata mzee dukani anakonunua dawa ya shinikizo la damu, unamfuata akiwa na miaka 70, na 80. Kumruka mtu katika miaka yake ya mwisho ni kumkata uzee wake wote. Sina hakika kama wanaofanya uamuzi huo wamewahi kuketi na kuipiga hesabu hii.

Hoja ya kupisha vijana

Najua nitajibiwa nini. Vijana wetu hawana kazi, wazee wapishe. Mimi nina wanangu wawili wenye shahada, na mmoja anaendesha bodaboda. Hoja hii nimelala nayo nyumbani kwangu, sikuisikia redioni.

Lakini tuitazame vizuri. Hakuna kijana aliyepata ajira kwa sababu mama wa miaka 57 hakupelekwa Morogoro. Nafasi yangu itakuwa wazi siku nitakapostaafu, na hapo ndipo kibali cha kuijaza kitakapoombwa. Kabla ya hapo, kunikalisha bure kunamaanisha kwamba serikali inalipa mshahara bila kupata kazi, na yule binti wa mwaka jana anabeba vocha zake na zangu kwa mshahara wake mmoja. Wala hajui ninachokijua, kwa sababu mtu asiye na kazi mkononi hana cha kumwonyesha mwenzake. Wanaokuta ofisi inakwenda hudhani imejiendesha yenyewe. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa.

Serikali yenyewe inatambua kwamba ujuzi hauozi mtu akifika 60. Maprofesa, wahadhiri waandamizi na madaktari bingwa umri wao wa kustaafu kwa lazima ni 65. Siwaonei wivu, wala siombi niongezewe miaka. Ninaomba mitatu niliyonayo iwe ya kazi.

Na lipo jambo jingine ambalo nalisisitiza kwa sababu watetezi wetu wenyewe hulikosea. Mara nyingi tunateteana kwa kusema wazee wana hekima, wazee ni hazina, wazee ndio waliokuwepo. Penye wazee haliharibiki neno. Maneno mazuri hayo. Lakini haki yangu ya kuhudhuria mafunzo haitokani na kuwa hazina. Wale tisa waliokwenda hawakutakiwa kuthibitisha kwamba ni hazina. Yumo kijana mchapakazi, yumo na mvivu, na wote walikwenda kwa sababu ni wahasibu wa kitengo kile. Mzee wa wastani naye ana haki ya kutendewa kama kijana wa wastani. Tukisema tuheshimiwe kwa kuwa sisi ni wa pekee, tutakuwa tumewaacha wenzetu walio wengi.

Nami niliwahi kutenda

Mwaka 2006 nilikuwa na miaka 38 na ndio kwanza nimepewa usimamizi wa sehemu ya malipo. Tulikuwa tumeanza kuhamisha kazi kutoka kwenye leja kwenda kwenye kompyuta. Chini yangu alikuwapo karani wa leja mwenye miaka 58, mtu wa mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuwaona, ambaye alivaa tai hata Jumamosi.

Sikumpeleka kwenye mafunzo. Nilimwambia, "Mzee wangu, haya ya mashine usijitese nayo." Nikampa daftari la kusajili barua zinazotoka. Nilidhani nimemtendea wema. Kila asubuhi alifika saa moja na nusu, akaifuta meza yake kwa kitambaa, akafungua daftari, akasubiri barua. Siku nyingine zilikuwa mbili, siku nyingine haikuwapo hata moja.

Siku tulipomuaga tulimpa saa ya ukutani na soda. Aliposimama kushukuru alisema, "Nawashukuru kwa miaka 33 mliyonipa kazi, na miwili mliyonipa kiti." Tulipiga makofi. Mimi nilidhani ni utani wa kizee. Imenichukua miaka 17, na nywila iliyokataa kufunguka, kuelewa alichotuambia. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo samahani yangu naiweka hapa.

Nasimulia hili ili yule kijana mkuu wangu asijione mshitakiwa. Mimi nilikuwa yeye. Na yeye, Mungu akimjalia, atakuwa mimi.

Sheria inasema nini

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 7, inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, waziwazi au kwa kuzunguka. Katika orodha ya misingi inayokatazwa, pamoja na kabila, dini, jinsia, ujauzito na ulemavu, umo pia umri. Na sheria haizungumzii kufukuzwa tu. Inataja matangazo ya kazi, upangaji wa majukumu, mafunzo, tathmini ya utendaji, kupandishwa vyeo na uhamisho. Yote niliyoyasimulia hapo juu yamo humo. Mfanyakazi akionyesha dalili za msingi kwamba amebaguliwa, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba hakubagua.

Kimataifa pia, Shirika la Kazi Duniani lilitoa mwaka 1980 Pendekezo Namba 162 kuhusu wafanyakazi wenye umri mkubwa, likizitaka nchi ziwahakikishie fursa sawa, yakiwemo mafunzo ya kuendeleza ujuzi.

Katika kupunguza wafanyakazi, sheria yetu inamtaka mwajiri atoe taarifa mapema, aeleze sababu, aeleze vigezo alivyotumia kuwachagua wanaoondoka, na ashauriane na chama cha wafanyakazi au na wafanyakazi wenyewe. Umri hauwezi kuwa kigezo kilichofichwa ndani ya neno jingine. Jirani yangu hakuyajua haya siku aliyopewa kalamu.

Muda nao ni jambo la kuangalia sana. Anayepinga kuachishwa kazi hupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Migogoro mingine hupelekwa ndani ya siku 60. Mtumishi wa umma hutakiwa kwanza kumaliza njia zilizomo katika Sheria ya Utumishi wa Umma, ikiwemo rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma. Wengi hupoteza haki wakisubiri busara ya mkubwa fulani, huku siku zikihesabika.

Niliyoyafanya, na ninayoyashauri

Sikwenda CMA. Kati ya kunyamaza na kushitaki kuna nafasi kubwa, na wazee wengi hatuitumii kwa sababu tumefundishwa kwamba mtu mzima hadai, hukumbukwa.

Nilianza kwa kuandika. Nilichukua daftari dogo nikaweka tarehe: siku orodha ilipobandikwa, siku ruhusa yangu ilipokoma, idadi ya vocha zilizopitia kwa mwingine, maneno niliyoambiwa na aliyeyasema. Maumivu bila tarehe hayana pa kushikika, lakini yenye tarehe ni kumbukumbu. Kisha nikaandika barua ya ukurasa mmoja kwa mkuu wa kitengo, nakala kwa afisa utumishi na kwa katibu wa tawi la chama chetu cha wafanyakazi. Sikutaja huruma wala utumishi wa muda mrefu. Nilitaja mafunzo niliyokosa, kazi niliyoshindwa kuifanya kwa sababu hiyo, na nilichoomba: nijumuishwe awamu inayofuata, na ruhusa yangu kwenye mfumo irudishwe. Kifungu cha 7 nilikiweka mwishoni, kwa sentensi moja.

Wapo waliosema korido nzima kwamba mama anataka posho. Posho ya safari ni stahili ya mtumishi kama nyingine, na sioni aibu kuipokea. Lakini aliyepiga hesabu ya pensheni anajua kwamba tulikuwa tunazungumzia jambo kubwa zaidi.

Mkuu wangu aliniita, akafunga mlango. Alikuwa na barua mkononi. "Mama, sikujua," alisema.

"Najua hukujua, mwanangu. Ndiyo maana nimeandika."

Kwa wenzangu mliovuka 50, nina la kuwaambia kwa upendo. Na sisi tuna sehemu yetu. Tuache kumwita msimamizi wetu "mtoto" mbele ya wengine. Cheo chake ni cha kazi, nacho kina heshima yake. Tuache kuficha tunachojua tukidhani ndicho kitakachotulinda. Na tusiseme "mimi na kompyuta wapi na wapi", kwa sababu siku ya orodha tutanukuliwa. Mimi sasa nina makubaliano na yule binti wa mwaka jana: Jumatano saa nane ananionyesha kurasa mpya za mfumo, Ijumaa saa nane ninamwonyesha namna ya kufuatilia masurufu yasiyorejeshwa na salio la benki linalokataa. Hakuna anayemhurumia mwenzake.

Vilevile tuyaweke sawa majalada yetu sasa, wakati bado tuna nguvu za kufuatilia. Barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, barua za kupandishwa vyeo, taarifa za michango kutoka kwenye mfuko. Jina lililoandikwa kwa herufi tofauti kwenye kitambulisho cha taifa na kwenye jalada huweza kumzungusha mtu miezi mingi. Anayeanza kufuatilia akiwa na miaka 57 ana nafasi ya kurekebisha. Anayeanza siku ya kuagwa hufuatilia kwa nauli ya kukopa. Na jamani, tusisaini karatasi yoyote siku tuliyopewa. Omba uipeleke nyumbani, isome na mtu mwingine, muulize katibu wa tawi.

Kwa wakubwa wa kazi ombi langu ni moja. Kabla hujamwonea mtu huruma, muulize. "Mama, mafunzo ni siku tano Morogoro, utakwenda?" Ni sentensi moja. Yupo atakayesema goti linamsumbua, abaki. Lakini awe amejibu yeye.

Awamu ya pili ya mafunzo ilifanyika miezi miwili baadaye. Jina langu lilikuwa la saba kwenye orodha, kwa mpangilio wa alfabeti. Nilipanda basi la saa kumi na mbili asubuhi na wenzangu, na ukumbini nikakaa mstari wa pili ili nione vizuri skrini. Kijana mmoja kutoka taasisi nyingine aliniinamia kwa adabu.

"Shikamoo, mama. Umekuja kutufungulia mafunzo?"

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia, huku nikifungua daftari. "Nimekuja kujifunza."

Jumatatu niliporudi ofisini niliandika nywila yangu. Ukurasa ukafunguka. Vocha ya kwanza ilikuwa ya mafuta ya gari. Nikaisoma, nikaikagua, nikaiidhinisha.